Msisage Uozo Mkauita Lishe

Mnasaga uozo na kuuita lishe. Nawaambia ninyi mnaochanganya unga wa uji Kibera, kule Laini Saba, Makina na Gatwekera; ninyi mnaofunga pakiti nyuma ya soko la Kawangware na kubandika picha ya mtoto mnene anayecheka; ninyi mnaopita mlango hadi mlango katika mitaa ya Gatina na Congo, huko huko Kawangware, mkinadi kopo moja linaloponya kisukari, presha, vidonda vya tumbo na utasa, yote kwa kijiko cha kila asubuhi. Nawaambia na ninyi mnaonunua, kwa sababu hakuna aliyewafunga macho. Mmeyafumba wenyewe, na mtoto mliyembeba mgongoni hana njia ya kufumbua yake.

Tazameni soko lilivyogeuka. Mwaka 2020, korona ilipoingia Nairobi, tangawizi, ndimu na vitunguu saumu viliondoka kwenye meza za akina mama mboga kabla ya saa nne asubuhi, na bei ikapaa. Tangu hapo kila msimu una jina lake. Mlonge ulishika, zikaja mbegu za chia, ikaja habasoda, yakaja manjano, mbegu za maboga, unga wa bitiruti, siki ya tofaa. Majina mengine yametoka mbali. Mengine yametoka kwetu, yakazunguka dunia, yakarudi na bei mpya. Ubuyu, ambao watoto wa Mombasa na Kilifi wameumumunya vizazi na vizazi, ulipewa ruhusa ya kutiwa katika vyakula vya Umoja wa Ulaya mwaka 2008. Chia, mbegu ya Mexico, ikafuata mwaka 2009. Leo unga wa ubuyu umekaa ndani ya chupa ya kioo katika maduka ya Lavington, mtaa wa wenye nacho. Mwanamke wa Kawangware anayevuka barabara kwenda kufua nguo huko anaiona chupa hiyo jikoni mwa aliyempa kibarua cha siku. Anawaona watoto wa nyumba ile walivyonawiri. Anajumlisha. Jioni akirudi, mchuuzi anamngoja kituoni na kijipakiti cha shilingi 20 chenye jina lile lile.

Sina ugomvi na ubuyu, wala mlonge, wala wimbi. Unga wa ubuyu una vitamini C kwa wingi. Majani ya mlonge yana madini na vitamini kweli, na wimbi linayapita mahindi mbali sana kwa kalsiamu. Hivi ni vyakula vyema na ardhi hii inavitoa. Ninachokaripia ni neno mnalolibandika juu yavyo, na kitu mnachokisaga chini ya neno hilo.

Neno kwanza. Nchi mlikoiga maneno haya ya tiba haziruhusu yasemwe ovyo. Japani iliweka utaratibu wake mwaka 1991: anayetaka kuandika kwenye kifurushi kwamba chakula chake kinasaidia tumbo au shinikizo la damu hupeleka ushahidi serikalini na kungoja kibali. Umoja wa Ulaya ulipokea maelfu ya madai ya namna hiyo kutoka kwa makampuni, wanasayansi wakayapekua moja moja, na orodha ilipotolewa mwaka 2012 yaliyoruhusiwa yalikuwa 222. Mengine mengi yalikataliwa, pamoja na fedha zilizotumika kuyatangaza. Ninyi mmechukua maneno mkaacha ushahidi. Hata hapa Kenya sheria ya vyakula, dawa na kemikali, Sura ya 254, inakataza kumuuzia mtu chakula kwa maelezo ya uongo au ya kupotosha, na inakataza kuuza chakula chenye sumu au kilichooza. Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya maduka makubwa peke yake. Inamhusu na mwenye meza ya mbao chini ya mwavuli pale soko la Toi.

Sasa nije kwenye karanga, maana hapa ndipo moyo wangu unapowaka.

Karanga zikifika sokoni Nyamakima na Gikomba huchambuliwa. Zilizonona hukaangwa na kuuzwa nzima, kwa sababu anayekula karanga nzima ana macho, na akiona ukungu ataitema mbele yako na kukudai pesa zake. Zilizosinyaa, zilizopasuka, zilizogeuka rangi, zilizopekechwa na wadudu, hizo hutengwa. Zingestahili kutupwa. Lakini zina mnunuzi wake: huyo anayezitaka kwa bei ya chini kwa kuwa anajua zinakokwenda hazitaonekana tena. Zinapanda mkokoteni, zinateremshwa kwenye mashine ya kusaga, zinamwagwa juu ya wimbi na mtama. Zinatoka unga laini unaonukia vizuri, kwa kuwa mmezikaanga kidogo ili harufu ya uvundo ipotee. Mnajitetea kwamba zikishasagwa hazina tofauti. Tofauti ipo, nayo inakaa kwenye ini la mtoto.

Ukungu unaoota juu ya karanga na mahindi yasiyokauka vizuri huzaa sumukuvu, ile ambayo maofisa huiita aflatoksini. Sumu hii haionekani. Moto wa jikoni hauiondoi. Chemsha uji mpaka sufuria ikauke, itabaki. Ikiwa nyingi inaweza kuua kwa muda mfupi. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka, inaweza kuleta saratani ya ini. Kenya haihitaji kusimuliwa habari hii kutoka nchi nyingine. Mwaka 2004 watu 317 waliugua, wengi wao Makueni na Kitui, na 125 wakafa, kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Walizikwa wakiwa wameuawa na ugali. Kipimo kinachoruhusiwa kwenye mahindi yetu ni sehemu 10 katika bilioni, kiasi ambacho hakuna jicho wala ulimi unaoweza kukipima, na punje chache zilizooza zinatosha kuuharibu unga uliobaki wote. Ndiyo maana kuchambua kwa mkono, kazi ile ya akina mama ya kukaa na ungo na kutupa mbaya, ni kinga kubwa kuliko mtu anavyodhani. Ninyi mmewapokonya kinga hiyo na mkawauzia zile zile zilizotupwa.

Na ni nani anayenunua unga wenu? Jiulizeni, mjibu. Mwenye afya hanunui unga wa lishe. Anayenunua ni mama aliyeambiwa kliniki kwamba uzito wa mtoto haujapanda tangu mwezi uliopita. Anayenunua ni mgonjwa wa kifua kikuu aliyeagizwa ale vizuri ili dawa zisimtese. Ni anayemeza dawa za kupunguza makali ya ukimwi, ni mjamzito mwenye upungufu wa damu, ni mzee aliyetoka hospitali. Sumu yenu imewatafuta dhaifu mmoja mmoja na kuwafuata mpaka mlangoni, na imefika ikiwa imevaa jina la tiba.

Mtu mzima wa Kibera leo anakula githeri, kesho chapati na madondo, Jumamosi mutura. Kinywa chake kina mchanganyiko. Mtoto wa miezi minane, anayeachwa kwa mlezi wa mchana mama akienda kibarua, anakunywa uji ule ule asubuhi, adhuhuri na jioni, kutoka pakiti ile ile mpaka iishe, na ikiisha hununuliwa nyingine ya mtu yule yule. Hana chakula cha pili cha kumpumzisha na cha kwanza. Watafiti waliofanya kazi Korogocho na Dagoretti, yaani kwenye mitaa hii hii ya wenye kipato kidogo, walichapisha mwaka 2016 matokeo yanayohusisha sumu hii na watoto kuwa wafupi kuliko umri wao. Nchi nzima, uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ilikuwa asilimia 26 mwaka 2014. Tumepiga hatua, na nashukuru. Lakini ninyi mnachimba chini ya hatua hiyo.

Kisha mnashindana kwa hesabu. Huyu anaandika nafaka 8, jirani yake anaandika 12, wa tatu anatangaza mchanganyiko wa vitu 15, na mteja anaamini kwamba wingi ndio nguvu. Humo mna soya iliyosagwa mbichi, na soya mbichi ina vizuizi vinavyolizuia tumbo lisiisage protini yake. Ni lazima ichemshwe au ikaangwe vizuri kwanza, nanyi mnaruka hatua hiyo kwa sababu makaa ni ghali. Humo mna omena zilizoanikwa chini kando ya ziwa, na mchanga wake umepimwa pamoja nazo. Humo mna karanga zilizosagwa miezi mingi iliyopita, mafuta yake yamechacha. Mtoto akiharisha, nani atasema ni kipi kati ya vitu 15 kimemdhuru? Mmejificha nyuma ya wingi.

Bibi zetu hawakuwa na pakiti. Walilowesha wimbi, wakaliacha liote, wakalianika na kulisaga, na hicho kimea kidogo kikitiwa kwenye uji mzito kiliulainisha bila kuongeza maji, mtoto akapata shibe katika vijiko vichache. Waliuchachusha uji siku moja au mbili, na uchachu ule ulifungua madini ya nafaka ili mwili uyapokee. Ujuzi huo ndio hasa maabara za nchi tajiri zinauita leo sayansi ya chakula chenye manufaa ya ziada, na zinauuza. Sisi tumeuacha ufe ndani ya kizazi kimoja, hapa hapa mjini, kwa kuona haya.

Ninyi wa kopo la kisukari, nawasemea peke yenu. Unga wa wimbi ni wanga. Hata usipotiwa sukari, bado utakuwa sukari ndani ya damu, na ukisagwa laini huipandisha haraka zaidi. Mnamwambia mzee wa mtaa wa Kabiro kwamba akinywa huu ataachana na vidonge, naye anaachana navyo, kwa sababu vidonge vinamchosha na ninyi mmemzungumzia kwa upole kuliko foleni ya zahanati. Miezi inapita. Mguu unapata kidonda kisichofunga. Siku anapopelekwa hospitali ya Mbagathi au Kenyatta hampo, mmehamia mtaa mwingine na jina jipya la kopo. Mwaka 2011 tuliona magari yakijipanga kilomita nyingi kwenda Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mzee Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500 za huko, na Wakenya walikuwa wengi katika foleni ile, wengine kwa ndege za kukodi. Kulikuwa na wagonjwa walioacha dawa zao wakaenda. Hatukujifunza. Kikombe kimoja kimekuwa makopo elfu, na sasa hakuna haja ya kusafiri.

Nanyi viongozi wa dini mnaompa muuzaji dakika 5 baada ya ibada, mkisema ni ndugu yetu ana tangazo: mnaijua nguvu ya mahali mnapomsimamisha. Muumini hatalihoji kopo lililoinuliwa mbele ya mimbari. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kuwauzia maskini makapi, na sura ya Al-Mutaffifin imewekwa dhidi ya wapunjao katika mizani. Waumini wa vitabu vyote viwili wanaishi bega kwa bega Kibera, na gorogoro, kopo la kupimia nafaka, lililobonyezwa kitako linatumika kwa wote wawili. Kwa nini sijasikia karipio hili likitoka kwenu? Je, ni kwa sababu msagaji naye hutoa sadaka?

Sasa zamu yako, mnunuzi, na usinielewe vibaya. Sikukaripii kwa kuwa huna. Najua uchumi wa kadogo unavyokula mtu: mafuta ya kumi, unga wa robo, kiberiti nusu. Nakukaripia kwa kuwa hicho kidogo ulicho nacho unampa anayekuahidi zaidi, ukimpita anayekuonyesha bidhaa yake wazi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na wewe umekuwa ukifungua mlango kwa kinachojitembeza. Asubuhi mtoto amekunywa strungi, chai isiyo na maziwa, kwa mandazi, na strungi hiyo inapunguza madini ya chuma ambayo mwili unayapata kwenye chakula. Mchana umepita kando ya fungu la managu, terere, saga na kunde, ukasema hicho ni chakula cha kijijini. Jioni umetoa shilingi 20 kununua unga wa kijani usiojua ni jani gani. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo kikuu cha JKUAT ametumia miaka mingi ya utafiti kuonyesha utajiri ulio katika mboga hizi, na Umoja wa Afrika ukamtuza mwaka 2010 kwa kazi hiyo. Mboga ambazo wengine waliziita magugu sasa zimefungwa vizuri kwenye maduka makubwa na wenye magari wanazinunua. Wewe uliyezaliwa nazo unazikimbia. Usingoje jirani yako wa Lavington akuambie kwamba mama yako alikulisha vizuri.

Fungu la terere unaliona. Jani likiwa na madoa unalirudisha, na mama mboga anakubadilishia bila ugomvi. Omena unaitia kiganjani, unainusa, unaupepeta mchanga. Dengu unazimwaga kwenye sinia na kutoa mawe. Katika vyakula hivi una mamlaka, hata ukiwa na shilingi 30 tu. Ukivibadilisha kwa unga wa mtu usiyemjua, umeyatoa mamlaka hayo na hukupewa kitu. Ni afadhali mtoto ale uji wa nafaka moja unayoijua, karanga ulizochambua zikapondwa pembeni, na yai siku ukilipata, kuliko vitu 15 vilivyojificha.

Wako wasagaji waadilifu Kibera na Kawangware. Nawaheshimu. Wanapepeta, wanaosha, wanakaanga soya mpaka iive, wanaandika tarehe, na wanauza ghali kidogo kwa sababu chakula safi kina gharama. Hao ndio mnaowafilisi ninyi wa bei ya chini, maana mteja hawezi kuutofautisha unga wao na wenu. Nanyi maofisa mmeuacha mchezo huu uendelee. Tangu mwaka 2012 sheria inalazimisha unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani uongezwe vitamini na madini, lakini kwenye mashine ndogo za mtaani agizo hilo karibu halijafika. Novemba 2019 Shirika la Viwango, KEBS, lilisimamisha chapa 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu. Kwa hiyo vipimo vipo, maabara ipo, na uwezo wa kuchukua hatua upo. Mbona askari wa kanjo, wale wa kaunti, wanajua njia ya kwenda kumpindulia mama mboga toroli, lakini mkaguzi wa chakula hajui njia ya kwenda kwenye kinu? Terere iliyomwagwa kwenye vumbi haikumuua mtu.

Wewe mwenye mashine, kesho kabla ya kuwasha mota, lifungue lile gunia la karanga mbele ya foleni. Zimwage kwenye ungo, waache akina mama wachambue, na watakazokataa zichomwe, hasara ikiwa yako. Usizitoe kwa mfugaji, maana sumu ya lishe ya ng'ombe hupita kwenye maziwa na kurudi kwa mtoto yule yule. Wewe mama, nunua wimbi lako zima na karanga zako nzima, uzipeleke mwenyewe kusaga, usimame pale mpaka unga utoke, na akikuambia uache urudi baadaye, chukua nafaka yako uende kwa mwingine. Wewe mchungaji na wewe imamu, mtu mwenye kopo akija kuomba nafasi ya tangazo, mwombe kwanza karatasi ya maabara. Na wewe afisa wa afya wa kaunti, beba vifuko vya sampuli, anzia Olympic, Kibera, uteremke hadi Laini Saba, kisha uende Kawangware kinu kwa kinu, na matokeo uyabandike kwenye ukuta wa kila mashine, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mtu anaweza kuzisoma akiwa na mtoto mgongoni.